Kuhama Birmingham Kwenda Pwani: Shamba Moja, Maswali Mawili

Mkanganyiko ulikoanzia

Mei 2024 serikali ya Uingereza ilizindua tovuti ya kuwashauri wananchi jinsi ya kujiandaa na dharura: maji ya chupa, tochi, redio ya betri, vyakula vya kopo visivyohitaji kupikwa. Watu waliozoea kuwaona wenye kuweka akiba ya unga na mishumaa kuwa waoga wa bure wakasikia ushauri uleule ukitoka kwa mawaziri. Mwaka uliofuata mambo yakafuatana. Machi 2025 moto katika kituo kimoja cha umeme ulifunga uwanja wa ndege wa Heathrow, na tarehe 28 Aprili Hispania na Ureno zilikosa umeme tangu mchana hadi usiku. Birmingham nayo ilikuwa na yake. Halmashauri ya jiji, ambayo Septemba 2023 ilitangaza rasmi kwamba haina fedha za kukidhi matumizi yake, iliingia katika mgomo wa wazoa taka, na mwisho wa Machi 2025 taka zilizorundikana mitaani zilikadiriwa kufikia tani 17,000.

Ndipo swali likaenea, nalo linaulizwa katika mitaa ya Birmingham ya Small Heath na Handsworth kama linavyoulizwa kwingine nchini: je, si afadhali familia iuze nyumba ya mjini, inunue ekari chache mashambani kando ya bahari, ilime mboga, ifuge kuku na mbuzi, ichote maji yake, na ikae mbali na lolote litakaloupata mji? Kwa Waafrika Mashariki wa jiji hili, ambao wengi wao wana asili ya mwambao kuanzia Barawa hadi Kilwa, wazo la pwani lina mvuto wa ziada. Wazee wao waliishi na bahari, wakalima nyuma ya minazi, na mjini walikwenda kwa shida maalumu tu.

Tatizo ni kwamba swali hilo ni maswali mawili yaliyofungwa kifurushi kimoja. La kwanza ni la riziki: je, ardhi ile inaweza kuilisha familia? La pili ni la usalama: je, mahali pale pataikinga familia siku ya maafa? Watu huyajibu kwa pumzi moja, ilhali kwenye pwani ya Uingereza majibu yake mara nyingi hugongana. Ardhi tambarare karibu na maji, yenye udongo laini na majira marefu ya kuota mimea, ndiyo ya kwanza kumezwa na mafuriko. Kilima kilicho salama nyuma yake kina udongo mchachu, mvua nyingi, na majani yanayofaa kondoo kuliko mahindi.

Pwani ya watu wa Birmingham

Birmingham iko mbali na bahari kuliko karibu kila jiji kubwa la Uingereza. Kijiji cha Coton in the Elms, kinachotajwa kuwa mbali zaidi na bahari katika kisiwa chote, kiko kaskazini mashariki mwa jiji hilo, na hata hapo bahari ni kama kilomita 113 tu. Pwani waliyoizoea watu wa jiji ni ile ya ghuba ya Cardigan, magharibi mwa Wales. Treni inayoondoka kituo cha New Street hufika Machynlleth ikagawanyika: mabehewa mengine huenda Aberystwyth, mengine hufuata ukingo wa bahari kupitia Fairbourne na Barmouth hadi Pwllheli. Vizazi kadhaa vya wafanyakazi wa viwandani walikwenda huko likizo, wakanunua karavani, na wengine wakastaafu hukohuko. Kwa hiyo anayezungumzia kuhamia pwani kutoka Birmingham, mara nyingi anazungumzia Gwynedd, Ceredigion au Pembrokeshire, hata kama hajazitaja kwa majina.

Hoja ya wanaotaka kuhama

Hoja yao si ya kupuuzwa. Bahari hupunguza makali ya baridi. Pwani ya Pembrokeshire huwahi msimu kiasi kwamba viazi vyake vya mapema vina jina lililolindwa kisheria. Mwani unaoachwa ufukweni umetumika tangu zamani kurutubisha mashamba. Kuna samaki, kuna kome, kuna upepo na maji ya kuzalisha umeme, na kuna nafasi ambayo nyumba ya safu ya Sparkbrook, yenye ua wa kuanikia nguo tu, haiwezi kuitoa.

Wales pia ina jambo ambalo England haina. Tangu 2010 sera yake ya mipango ya ardhi inaruhusu mtu kujenga na kuishi kwenye shamba la mashambani, mahali ambapo kwa kawaida kibali kisingetoka, mradi athibitishe kwamba ndani ya miaka 5 ardhi hiyo itakidhi sehemu kubwa ya mahitaji yake ya msingi. Kiwango kinachodaiwa kwa chakula ni asilimia 65, na mwombaji huandika mpango wa kina wa kilimo, kipato, nishati, maji na taka. Mfano unaojulikana zaidi wa maisha ya aina hiyo, ulioitangulia sera yenyewe, ni Tir y Gafel, kitongoji cha familia 9 kwenye ekari 76 huko Glandwr, Pembrokeshire, kilichopata kibali mwaka 2009 baada ya mvutano mrefu na mamlaka. Nyumba zake zilijengwa kwa mbao, udongo na majani makavu. Umeme wake ni wa maji na jua. Kwa wapenda kujitegemea, huo ni ushahidi kwamba jambo linawezekana.

Lakini ushahidi huo unasema zaidi ya wanavyotaka. Glandwr haipo ufukweni. Iko ndani, kwenye vilima. Wakazi wake hawakwenda mmoja mmoja kujificha na dunia, walikwenda kwa kundi, wakagawana ujuzi na vifaa. Tena wanawajibika kutoa taarifa kwa halmashauri kila mwaka kuhusu kiasi walichovuna na walichotumia. Anayekimbia mkono wa serikali hatapata nafasi yake hapo.

Kwa nini kipande cha pwani huwa rahisi

Sababu inayowavuta wengi ni bei. Nyumba ndogo kwenye ufuko wa mbali huuzwa kwa fedha isiyotosha kununua fleti ya vyumba viwili karibu na katikati ya Birmingham. Historia ya Uingereza inaeleza bila kificho urahisi huo hutokana na nini.

Kati ya vita viwili vya dunia, Waingereza wa kipato cha chini walinunua vipande vya ardhi duni pwani ya Essex, Canvey na Jaywick, wakajijengea vibanda vya likizo ambavyo baadaye viligeuka makazi ya kudumu. Ilikuwa ndoto ileile ya leo: hewa safi, bustani, uhuru. Ardhi ilikuwa rahisi kwa kuwa ilikuwa kinamasi chini ya kimo cha bahari. Usiku wa tarehe 31 Januari 1953 dhoruba ya Bahari ya Kaskazini ilivunja kuta za kuzuia bahari. Watu 307 walikufa England, 58 kati yao Canvey peke yake, na Jaywick ikapoteza zaidi ya 30. Nyumba zilikuwa za ghorofa moja, watu walikuwa wamelala, na hapakuwa na mfumo wa kuwaonya. Miaka 37 baadaye, tarehe 26 Februari 1990, ukuta wa reli ulivunjika huko Towyn, kaskazini mwa Wales, kwenye kitongoji kilichojaa nyumba za wastaafu. Watu wapatao 5,000 wakahamishwa.

Fairbourne ndiyo kesi ya sasa, na ndiyo inayowahusu zaidi watu wa Birmingham kwa kuwa treni yao inasimama hapo. Kijiji hiki kilianzishwa miaka ya 1890 na Arthur McDougall, wa familia iliyotajirika kwa unga wa ngano, kwenye kinamasi cha chumvi mdomoni mwa mto Mawddach. Sehemu yake kubwa iko chini ya kimo cha maji ya bamvua. Mbele kuna tuta la kokoto, nyuma kuna mlima unaotiririsha mvua, ubavuni kuna mto unaopanda na kushuka na bahari. Mpango wa usimamizi wa mwambao uliopitishwa na halmashauri ya Gwynedd mwaka 2013 uligawa wakati katika vipindi 3: kuendelea kukilinda kijiji hadi karibu 2025, kisha kuanza kurudi nyuma na kuwahamisha watu, na baada ya 2055 kutokilinda tena.

Habari hizo zilipotangazwa kwenye televisheni mwaka 2014, bei za nyumba zilianguka na benki zikaanza kukataa kutoa mikopo. Wakazi wengi wanaupinga mpango huo. Wanasema kuta zao bado zimesimama, kwamba fedha nyingi zimetumika kuziimarisha, na kwamba tangazo limewadhuru kuliko bahari ilivyowahi kufanya. Madai yao yana uzito, kwa sababu sheria ya Uingereza haimlipi fidia mwenye nyumba anayepoteza mali yake kwa bahari au kwa uamuzi wa kuacha kumlinda.

Hapa ndipo wanaojiandaa na maafa wanapaswa kukaa kitako na kupiga hesabu. Makadirio ya wataalamu wa hali ya hewa wa Uingereza yaliyotolewa 2018 yanaonyesha kwamba kufikia 2100 bahari ya Cardiff itapanda kwa kati ya nusu mita na zaidi kidogo ya mita moja iwapo gesi joto zitaendelea kutolewa kwa wingi. Mkopo wa nyumba wa miaka 30 uliochukuliwa 2025 unaisha 2055, mwaka uleule ambao mpango wa Fairbourne unasema ulinzi utakuwa umekoma. Mtu anaweza kumaliza kulipa deni siku ambayo hakuna wa kumuuzia nyumba.

Bima nayo ina mtego wake. Mfuko wa Flood Re, ulioanza Aprili 2016, huziwezesha kampuni kuuza bima ya mafuriko kwa bei inayovumilika, lakini hauhusu nyumba zilizojengwa tangu 2009, na umepangwa kufikia mwisho 2039. Anayejenga kibanda kipya cha kisasa kwenye shamba la pwani yuko nje ya kinga hiyo tangu siku ya kwanza.

Upepo, nyaya na barabara moja

Hata aliye juu ya kilima, mbali na mafuriko, ana hesabu nyingine. Desemba 6, 2024 simu za watu wapatao milioni 3 Wales na kusini magharibi mwa England zililia kwa pamoja: tahadhari ya dharura kuhusu dhoruba iliyopewa jina Darragh, na onyo jekundu la upepo kwa pwani ya magharibi. Upepo huo uliangusha miti na nguzo, na maelfu ya nyumba magharibi mwa Wales zikakaa siku kadhaa bila umeme.

Mjini nyaya nyingi zimezikwa ardhini. Mashambani zinaning'inia kwenye nguzo kwa maili nyingi zikipita kati ya miti, na shirika la umeme hurudisha kwanza laini zenye wateja wengi. Nyumba iliyo peke yake mwisho wa laini hungoja. Umeme ukikatika, pampu ya kisima husimama, kwa hiyo mwenye maji yake mwenyewe hukosa maji kabla ya mwenye maji ya bomba. Simu za mezani, ambazo zamani zilipata umeme kupitia waya wake wenyewe, sasa zinahamishiwa kwenye intaneti na huzimika pamoja na taa, na minara ya simu za mkononi ina betri za muda mfupi. Nyumba nyingi huko hazina gesi ya bomba. Hutegemea mafuta yanayoletwa na lori kupitia barabara ileile iliyozibwa na miti.

Hospitali ni suala zito kuliko yote hayo. Kutoka Fairbourne hadi Bronglais, Aberystwyth, au Ysbyty Gwynedd iliyoko Bangor, ni safari ya zaidi ya saa moja siku ya kawaida. Familia za Kiafrika za Birmingham zina wagonjwa wa selimundu, sukari na figo wanaohudumiwa na kliniki za jiji zenye uzoefu nao. Kwa nyumba yenye mgonjwa wa aina hiyo, maafa yanayowezekana zaidi ni usiku mmoja wa maumivu bila daktari, nayo hayangoji vita wala kuanguka kwa mtandao wa umeme.

Pwani pia ina maafa yake yasiyo ya hali ya hewa. Pembrokeshire, inayosifiwa kwa utulivu, ndiyo yenye bandari ya Milford Haven na maghala makubwa ya kupokelea gesi ya kimiminika. Februari 1996 meli ya mafuta Sea Empress ilipanda mwamba mdomoni mwa bandari hiyo na kumwaga tani 72,000 za mafuta ghafi, na uvuvi ukapigwa marufuku kwa miezi. Aliyekuwa amejipangia kula kutoka baharini asingekula.

Mbuzi, kuku na sheria

Wengi hudhani mashambani kuna uhuru zaidi. Kuhusu mifugo ni kinyume. Kabla ya kuleta hata mbuzi mmoja, mwenye ardhi lazima apate nambari ya usajili wa shamba, na kila safari ya mnyama huandikwa. Tangu Oktoba 1, 2024, hata mwenye kuku mmoja England au Wales analazimika kumsajili, na mafua ya ndege yanapoenea huamriwa kuwafungia ndani.

Kwa Waislamu kuna sharti jingine ambalo ni vizuri likajulikana mapema. Sheria inamruhusu mfugaji kuchinja mnyama wake nyumbani kwa matumizi ya familia yake, lakini lazima amzimishe fahamu kwanza. Kuchinja bila kumzimisha fahamu kunaruhusiwa katika machinjio yenye kibali tu. Kwa familia inayoshikilia kuchinja bila kuzimisha fahamu, mbuzi wa shambani atapakiwa garini kwenda machinjioni, pengine mbali sana, na ile picha ya kujitegemea kwa nyama inapungua uzito. Mboga, mayai na maziwa hazina kikwazo hicho.

Mpaka uliofungwa

Kundi moja la wanaojiandaa hupendekeza njia ya kati: mtu abaki Birmingham, lakini awe na kijumba pwani cha kukimbilia siku ikifika. Hoja hii ilipata mtihani wa kweli mwaka 2020, ikaanguka.

Wikiendi ya Machi 21 na 22 mwaka huo, maelfu ya watu walimiminika kwenye milima ya Eryri, kaskazini mwa Wales, na mwambao wake wakikimbia korona. Wenyeji walichachamaa: hospitali zao ndogo zilipangwa kwa idadi ya wakazi, siyo kwa idadi ya wageni. Siku chache baadaye viwanja vya karavani vilifungwa na polisi wakawa wanarudisha magari. Oktoba ikaja marufuku ya wazi: kuanzia jioni ya Oktoba 16, serikali ya Wales ilizuia watu wa maeneo yenye maambukizi mengi England kuingia, na Birmingham ilikuwa mojawapo. Mwenye kijumba chake Barmouth, funguo mfukoni na kodi amelipa, hakuruhusiwa kukifikia.

Kimbilio la pili lina gharama hata wakati wa amani. Tangu Aprili 2023 Gwynedd imekuwa ikitoza nyumba za ziada asilimia 150 juu ya kodi ya kawaida ya halmashauri. Hasira iliyo nyuma ya kodi hiyo inaeleweka. Vijana wa Kiwelshi wameshindwa kununua nyumba katika vijiji walimozaliwa huku nyumba zikiwashwa taa wiki chache kwa mwaka. Katika sensa ya 2021 karibu asilimia 64 ya wakazi wa Gwynedd walisema wanazungumza Kiwelshi, na watoto husomeshwa kwa lugha hiyo. Wasemaji wa Kiswahili wanaojua uchungu wa kuona mashamba ya pwani yao yakienda kwa wageni wanapaswa kuwa wa kwanza kuelewa. Familia itakayohamia huko moja kwa moja, ikapeleka watoto shule na kujifunza lugha, ina nafasi ya kupokewa. Itakayokuja siku ya shida na mabunda ya mchele garini itaonekana kama mzigo, na wenyeji hawatakuwa wamekosea.

Hoja ya kubaki mjini

Wanaopinga kuhama husema jiji ni salama kuliko sifa yake. Wana mifano mizuri, mmojawapo ukiwa maji. Mwaka 1892 Bunge liliiruhusu Birmingham kuchukua bonde la Elan katikati ya Wales. Watu wapatao 100 wakahamishwa, mabwawa yakajengwa, na Julai 1904 Mfalme Edward VII akazindua mfumo huo. Hadi leo maji husafiri kilomita 118 kwa mteremko, bila kusukumwa na pampu. Kwa kuwa jiji lilitegemea njia hiyo moja, kampuni ya Severn Trent ilitumia takriban pauni milioni 300 kujenga chanzo cha pili kutoka mto Severn. Hakuna mwenye ekari 5 anayeweza kujijengea kinga ya namna hiyo.

Hata hivyo jiji halina kinga dhidi ya kila kitu. Julai 28, 2005 kimbunga kilipita Sparkbrook, Balsall Heath na Moseley, kikang'oa takriban miti 1,000 na kuezua mapaa. Watu 19 walijeruhiwa na hakuna aliyekufa. Mei 27, 2018 mvua iliyozidi ya mwezi mzima ilinyesha sehemu za kusini mwa jiji kwa muda mfupi, na mito midogo ikaingia majumbani. Tofauti ilikuwa katika yaliyofuata: misikiti, makanisa, majirani, maduka yaliyo umbali wa kutembea, na magari ya zimamoto yaliyofika.

Udhaifu wa hoja ya mjini uko kwenye chakula na nafasi. Anayeishi kwenye fleti hawezi kuweka lita nyingi za maji wala magunia, na maduka hayana akiba kubwa. Hujazwa kila siku na malori. Lakini hata hapa jiji lina rasilimali ambayo Waafrika Mashariki wengi hawajaitumia vya kutosha. Birmingham ina maeneo zaidi ya 100 ya vishamba vya kukodi, na lile la Uplands huko Handsworth, lenye mamia ya vipande, ni miongoni mwa makubwa kabisa nchini. Watu wenye asili ya Karibea na Asia Kusini wamelima huko kwa miongo, wakaonyesha mboga za nchi zao zinavyostahimili majira ya Midlands. Mchicha na majani ya maboga huota vizuri kiangazi. Mahindi huhitaji aina ya kukomaa mapema.

Wanaoitazama pwani ya nyumbani

Kuna msimamo wa tatu unaosikika Birmingham kuliko katika magazeti ya Kiingereza: kama ni pwani na shamba, basi Pangani, Kilifi au Pemba. Ardhi huko huota mwaka mzima, ndugu wapo, na maarifa ya kuishi bila mitambo hayajapotea. Ushahidi wake mkubwa ni Unguja. Desemba 10, 2009 kisiwa kizima kilikosa umeme kutokana na hitilafu kwenye mfumo wa kuupokea kutoka bara, na haukurudi hadi Machi 2010. Miezi mitatu. Hoteli na biashara zilitaabika, pampu za maji zilisimama, watu walipanga foleni na ndoo. Lakini maisha yaliendelea kwa visima, makaa, taa za mafuta na kusaidiana. Ni shida kufikiria mji wa Uingereza ukivumilia hivyo kwa wiki mbili.

Hatari zake ni halisi pia. Kimbunga cha Aprili 15, 1872 kiliangamiza mashamba ya mikarafuu ya Unguja. Kingine kiliipiga Lindi mwaka 1952. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipita Mafia, na mvua za siku hizo zikakata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara eneo la Somanga. Mwezi huohuo mikongo ya intaneti ya baharini ilikatika, na benki za simu, ambazo ndizo njia ya diaspora kutuma fedha, zikayumba. Kisha kuna sheria. Mtanzania mzima anayechukua uraia wa Uingereza hupoteza wa Tanzania, na Sheria ya Ardhi ya 1999, kama ilivyotungwa, ilimbana asiye raia kupata ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Kenya inaruhusu uraia wa nchi mbili tangu katiba ya 2010, na asiye raia hupata umiliki wa hadi miaka 99. Sheria ya mazingira ya Tanzania ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari; viwanja vingi vinavyotangazwa kwa wenye asili ya huko kuwa vinagusa maji viko ndani ya mita hizo.

Mizani inaelemea wapi

Yakitenganishwa yale maswali mawili, picha inakuwa wazi zaidi. Kwa usalama peke yake, kuhamia ufuko wa mashambani hakuna faida kwa familia ya kawaida ya Birmingham. Maafa yenye uwezekano mkubwa Uingereza ni upepo, mafuriko, kukatika kwa umeme na maradhi, na kwa yote manne nyumba ya peke yake pwani iko katika hali mbaya zaidi kuliko nyumba ya mtaani. Kijumba cha pili nacho hakitegemeki. Fedha za kukinunua zingetosha kuikinga nyumba ya mjini mara nyingi: serikali inashauri lita 10 za maji kwa kila mtu kwa siku ili kunywa, kupika na kunawa, chakula cha siku kadhaa, redio, tochi, akiba ya dawa, na makubaliano na jirani kuhusu nani anamwangalia mzee wa nyumba ya tatu.

Kwa riziki, kuhama kunaweza kuwa na maana, lakini kwa familia yenye afya, yenye kipato kingine kwa miaka ya mwanzo, na inayoipenda kazi ya shamba yenyewe. Familia hiyo ingetafuta ardhi kilomita kadhaa nyuma ya bahari, juu ya kimo cha bamvua na mbali na bonde la mto, ndani ya nusu saa ya mji wenye hospitali kama Aberystwyth. Ingechukua kishamba cha kukodi mjini kwa msimu mzima kabla ya kuuza chochote, kisha ingepanga nyumba huko Wales kuanzia Novemba hadi Machi, kwa sababu Agosti ya Barmouth haimwambii mtu chochote kuhusu Januari yake. Ingeitazama ramani ya mafuriko ya Natural Resources Wales na mpango wa mwambao wa eneo hilo, vyote viko wazi kwa umma, kabla ya kwenda kuitazama nyumba yenyewe. Na kama jibu la mpango huo kwa miaka ya baada ya 2055 ni kuacha kulinda, mazungumzo na dalali yangeishia hapo, hata bei iwe tamu namna gani.